Katoni za bure za kufungia mizigo Lubumbashi: tathmini ya mahali zinapopatikana

Anayeuza bidhaa ndogondogo kwa WhatsApp hapa Lubumbashi na kuzituma Likasi, Kolwezi au Kinshasa hukutana mapema na hesabu isiyopendeza. Bei aliyokubaliana na mteja ni moja, lakini kati ya mkono wake na mkono wa mteja kuna nauli ya mzigo, kuna katoni, kuna skochi (mkanda wa kunata), kuna kamba, na kila kimoja kinadai sehemu yake ya faida. Nauli hupangwa na ajansi ya usafirishaji, na muuzaji mdogo hana nguvu ya kuibadili. Vifaa vya kufungia vinaweza kupatikana bila kutoa faranga hata moja, mradi mtu ajue aende wapi, aende saa ngapi, achukue nini na aache nini. Ninachotathmini hapa ni vyanzo hivyo vya bure ndani ya mji huu, kwa macho ya mtu anayevitumia kwa biashara, si ya mtu anayehama nyumba mara moja na kusahau.

Nieleze kwanza ninachotuma, kwa sababu katoni inayomfaa mmoja ni takataka kwa mwingine. Nauza vitenge, na nauza mapambo ya jiwe la malakiti yanayochongwa na mafundi wa hapa: mayai, visanduku, shanga, sanamu za wanyama. Kitenge hakivunjiki, lakini kikilowana ndani ya mzigo uliofungwa kwa siku kadhaa hufika kikiwa na ukungu na harufu ambayo mteja haisamehi. Malakiti ni kinyume chake. Mvua haiitishi sana, lakini ni jiwe laini, lenye ugumu wa 3.5 hadi 4 katika kipimo cha Mohs ambacho almasi ina 10, kwa hiyo hata kisu cha jikoni huikwaruza, na tena ni nzito, karibu mara nne ya maji ya ujazo uleule. Bidhaa hizi mbili zimenilazimisha kuzijua katoni za aina nyingi kuliko nilivyotaka.

Ushauri mwingi unaosambaa kwenye intaneti kuhusu vifaa vya bure uliandikwa kwa ajili ya Marekani. Huko shirika la posta, USPS, hutoa bure masanduku na bahasha za huduma yake ya Priority Mail, na huzipeleka hadi mlangoni kwa anayeziagiza. Sharti ni kwamba zitumike kwa huduma hiyo tu, na kuzigeuza kwa huduma ya bei nafuu ni kuvunja kanuni. Ushauri huo haumsaidii sana mkazi wa Kamalondo au Katuba. Mizigo yetu midogo hupita katika mabasi na magari ya ajansi kuelekea Likasi, umbali wa kilomita 120 hivi, na Kolwezi, kilomita 300 hivi, au hupelekwa uwanja wa ndege wa Luano kwa safari ya Kinshasa, na karani wa mzigo humtarajia mteja afike na kitu kilichokwisha kufungwa. Kwa hiyo katoni tunaitafuta sisi wenyewe, katika maduka yanayoishi kwa bidhaa zinazotoka mbali.

Nafasi ya kwanza naipa farmasi, na hasa depo za dawa zinazouza kwa jumla. Dawa nyingi zinazouzwa hapa zimetoka ng'ambo, India zaidi ya kwingineko, na mtengenezaji anayejua kwamba katoni yake itapakiwa melini, kisha kwenye lori, kisha ibebwe begani, haichagulii karatasi dhaifu. Katoni za seramu (maji ya dripu) ndizo bora kuliko zote. Ndani yake hukaa chupa za nusu lita, mara nyingi ishirini au zaidi, yaani kilo kumi na kuendelea za maji matupu, na ukuta wake mara nyingi ni wa tabaka mbili. Tofauti hiyo huonekana kwa kutazama ukingo uliokatwa: katoni ya tabaka moja ina wimbi moja la karatasi lililobanwa kati ya karatasi mbili bapa, na unene wake ni milimita tatu au nne; ya tabaka mbili ina mawimbi mawili, na unene wa milimita sita au saba. Kwa malakiti sikubali kitu chini ya hiyo ya pili, isipokuwa sanamu iwe ndogo sana.

Saa nazo zina maana. Farmasi zilizo karibu na hospitali ya Jason Sendwe, na zile za katikati ya mji, zikifungua mzigo mpya asubuhi, katoni hukaa muda mfupi tu zikiwa nzima kabla hazijapondwa miguuni au kukatwa wembe. Anayefika wakati huo, akasalimu vizuri, akaeleza kwamba anahitaji katoni za kufungia bidhaa na si za kuwashia makaa, mara nyingi hupewa. Kununua kitu, hata vidonge vya kichwa, si lazima, ila hufungua mlango kwa siku nyingine. Baada ya kuzoeana, mfanyakazi mwenyewe huanza kuziweka kando: «Mama, rudia mangaribi, tutakuwekea.» Ahadi hiyo katika farmasi ninayoiendea imekuwa ikitimizwa, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu ahadi nyingi za biashara mjini humu.

Farmasi ina kasoro zake. Katoni nyingi ni ndogo mno au zina maumbo ya ajabu, marefu na membamba, na mtu anaweza kuondoka na mzigo mkubwa wa karatasi ambao hautumiki. Pia kuna mpaka usiovukwa: zichukuliwe katoni za nje tu, zile zilizobeba mzigo wa jumla. Kilichotoka wodini kisiguswe. Na kile kisanduku cha njano cha karatasi ambamo hospitali hutupia sindano zilizotumika hakigeuzwi kuwa kifungashio cha kitu chochote, hata kikiwa kipya na kitupu, kwa sababu mpokeaji ataiona alama ya hatari kabla ya kuona jina lake.

Nafasi ya pili, na kwa vitu vizito pengine ya kwanza, naipa maduka ya fotokopi. Mji wenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi hautoshiki karatasi, na karatasi za A4 hufika katika katoni ya rimu tano. Rimu moja ya karatasi 500 za gramu 80 ina uzito wa kilo 2.5, katoni nzima, basi, imeundwa kubeba kilo 12.5 huku zingine zikiwa zimepangwa juu yake ghalani. Vipimo vyake ni kama sentimita 31 kwa 22 kwa 26. Ni udogo huo, pamoja na nguvu hiyo, unaoipa thamani, na hapa sina budi kueleza jambo ambalo wauzaji wengi hulisikia kwa mara ya kwanza wakiwa wameshafika kwenye mizani.

Mzigo wa ndege haulipiwi kwa kilo za mizani peke yake. Kampuni za kimataifa za usafirishaji wa haraka, DHL ikiwa mojawapo, huzidisha urefu kwa upana kwa kimo, vyote vikiwa katika sentimita, hugawanya kwa 5,000, na jibu huhesabiwa kama kilo. Mzigo wa kawaida wa ndege hugawanywa kwa 6,000. Kati ya jibu hilo na uzito halisi, mteja hulipia lililo kubwa. Katoni ya bure ya sentimita 40 kwa 30 kwa 30 iliyobeba kilo mbili za vitenge itahesabiwa kilo 7.2 kwa kigawanyo cha kwanza. Vitenge hivyo hivyo vikikunjwa vikaingia katika katoni ya 30 kwa 20 kwa 15, hesabu inashuka hadi 1.8, na mtumaji analipia kilo zake mbili halali. Katoni kubwa iliyopatikana bure inaweza kumgharimu mtu kuliko katoni yoyote inayouzwa mjini. Ile ya rimu tano, kwa hesabu hiyo hiyo, ni kilo tatu na nusu tu, ilhali inabeba kilo kumi na mbili bila kulalamika. Kwa malakiti, ambayo ni nzito na haichukui nafasi, sijui katoni inayoishinda. Kwa basi la Likasi au Kolwezi hakuna fomula ya namna hiyo. Karani huutazama mzigo na kutaja bei, lakini jicho lake nalo huona ukubwa kabla ya kuhisi uzito.

Tatizo la maduka ya fotokopi ni kwamba wenyewe wanajua thamani ya katoni hizo. Huhifadhia mafaili, na wanafunzi wanaohama vyumba huziomba kwa ajili ya vitabu. Wakati mzuri wa kuomba ni kipindi ambacho wanafunzi wanachapisha TFC na memware zao, yaani tasnifu za kumaliza masomo, maana hapo karatasi huisha kwa kasi na katoni humrundikia mwenye duka hadi anatafuta wa kumpunguzia. Baadhi ya katoni hizi zina kifuniko kinachovuliwa chote. Ni rahisi kupakia, lakini kifuniko hicho kinahitaji kuzungushiwa skochi pande zote, la sivyo kitabaki mkononi mwa mpagazi na mzigo ukaenda zake.

Depo za vyakula na alimentasio ndizo kila mtu huzifikiria kwanza, na kwa maoni yangu zinasifiwa kupita kiasi. Ni kweli kwamba zina katoni nyingi na za kila ukubwa. Lakini katoni ya biskuti ni nyembamba kwa sababu biskuti ni nyepesi, na katoni ya mafuta ya kupikia, ambayo ni imara, karibu kila mara ina doa la mafuta mahali fulani, na doa hilo likigusana na kitenge halitoki. Katoni za sabuni nazipenda. Zina nguvu, ni safi, na harufu yake haimchukizi mtu. Kuna wateja wa vitenge waliowahi kuisifu wakidhani nimeiweka makusudi, nami sikuona haja ya kuwasahihisha. Katoni za divai, zile zenye vigawanyo vya karatasi ndani kwa ajili ya chupa, ni hazina kwa mtu wa malakiti, kwa kuwa kila yai au kila sanamu hupata chumba chake na mawe hayagusani. Inafaa tu kufunika maandishi yote ya pombe kwa karatasi, kwani kuna wasafirishaji wa nje wanaokataa katoni inayotangaza pombe hata kama ndani yake hakuna, na kuna wapagazi ambao maandishi hayo huwaamshia udadisi.

Katoni za samaki wa friji na za makayabo (samaki wa chumvi) ziachwe zilipo. Hata zikikauka juani, chumvi na harufu vimeshaingia katika karatasi yenyewe, na karatasi iliyowahi kulowana haipati tena nguvu yake ya mwanzo. Na katoni yoyote inayotoka duka la vyakula, hata ikionekana safi, huhitaji jua la siku nzima na kukung'utwa kabla ya kuingia ndani ya nyumba, kwa sababu mende hupenda kuweka mayai katika mikunjo ya chini ambako hakuna anayeangalia.

Kuhusu ukarimu, maduka haya yanatofautiana mno. Depo ndogo, ambamo mwenyewe amekaa mlangoni, hutoa bila maneno mengi. Katika duka moja kubwa la katikati ya mji, ambalo silitaji jina, meneja aliniambia nichukue katoni zote ninazotaka, kisha mlinzi wa mlango wa nyuma akanitajia bei ya kila moja. Katoni zenyewe pia hupanda na kushuka kufuatana na barabara. Bidhaa nyingi za mji huu hupitia mpaka wa Kasumbalesa, kilomita 90 hivi kutoka hapa, na mpaka ukikwama, kama ilivyokuwa Agosti 2024 Zambia ilipoufunga kwa muda mfupi, anayetegemea katoni za depo hana budi kuwa na akiba yake.

Maduka ya simu na vifaa vya umeme nayaweka chini kidogo kwa katoni, lakini juu sana kwa vijazio. Katoni ya televisheni haimfai mtu isipokuwa anatuma televisheni. Ndani yake, hata hivyo, kuna frigoliti, ile nyeupe nyepesi iliyochongwa kufuata umbo la chombo, na kuna plastiki yenye mapovu ya hewa, na wenye maduka huvitupa vyote bila kusita. Frigoliti naikata kwa kisu kuwa vipande bapa vya kuwekea kuta za katoni. Nikiivunja kwa mkono hutoa chembe zinazonata kwenye nguo na kumfanya mpokeaji apige simu kuuliza ni kitu gani. Tahadhari moja ni ya lazima. Katoni zilizobeba simu au betri huwa na alama yenye kingo nyekundu na namba kama UN 3480 au UN 3481, inayoonya kuwa kuna betri za lithiamu. Mzigo wa vitenge ukifika uwanja wa ndege ukiwa na alama hiyo, aliyepo zamu ana haki ya kuuzuia, na maelezo ya mtumaji hayatakuwa na uzito kuliko kilichoandikwa. Alama hiyo ifutwe kabisa au ifunikwe isionekane, na ikiwa imejaa pande zote za katoni ni afadhali kuchukua nyingine.

Soko la Kenya, nikimaanisha komini yetu na si ile jamhuri ya Afrika Mashariki, wengi huliorodhesha kama chanzo cha bure, nami siafiki. Katoni zipo kwa wingi, lakini zina wenyewe hata zikiwa chini. Wanawake wanaouza mboga na nyanya huzitandika chini ya bidhaa zao, na vijana huzikusanya tangu alfajiri, wakazinyoosha, wakazifunga kwa mafungu na kuziuza kwa faranga chache. Anayepita na kujiokotea anamchukulia mtu kazi yake. Mimi pale nanunua, na kwa bei hiyo ninapata kitu ambacho maduka hayanipi: kijana anayejua vipimo ninavyotaka na anayenichagulia zilizo kavu. Kwa anayetuma mizigo mingi kwa wiki, muda anaookoa unatosha kulipia.

Kuhusu kampuni za kimataifa za usafirishaji, kuna kutoelewana ambako huleta aibu kwenye kaunta. Ni kweli kwamba kampuni kama DHL humpa mteja wa huduma ya haraka bahasha na masanduku yake bila kutoza ya ziada. Lakini masanduku hayo ni ya huduma hiyo, na gharama yake imo ndani ya nauli, ambayo si ndogo. Kwa mzigo mdogo wa thamani kubwa unaokwenda Ulaya ni vifaa bora kabisa, vipya, vyenye vipimo vinavyojulikana, na nafuu yake ni kwamba mtumaji hakosei hesabu ya ujazo. Kuyaomba ili ukayapakie katika basi la Kolwezi ni jambo lingine, na mfanyakazi anayekataa kuyatoa kwa ajili hiyo yuko sahihi.

Sasa nifikie mifuko, ambayo kwa mji wa migodi ni habari nzito kuliko katoni. Mifuko ya nailoni iliyofumwa ndiyo kifungashio cha kawaida cha mizigo ya basi na ya treni ya SNCC, shirika la reli la taifa, kwa sababu haipasuki kirahisi, hushonwa kwa sindano kubwa, na hurundikwa bila kuvunjika. Ile ya unga na ya mchele hupatikana bure nyumbani kwa jamaa na kwa bei ndogo kwa wapishi wa mikahawa. Ikikung'utwa na kugeuzwa ndani nje, hubeba katoni iliyokwisha kufungwa na kuipa ngozi ya pili. Lakini kuna mifuko mingine mjini, mikubwa inayobeba karibu tani moja, pamoja na midogo yenye maandishi ya kemikali, iliyotoka kwenye viwanda vya kuchakata shaba na kobalti. Hupatikana kirahisi, ni imara kuliko mingine yote, na watu huikata na kuishona upya. Mimi siichukui hata ikiletwa mlangoni. Mfuko uliobeba kemikali au unga wa madini hausafishwi kwa sabuni na jua ukawa salama, na siwezi kuuweka karibu na nguo ambayo mtu atamfungia mtoto mgongoni, sembuse karibu na chakula. Ndugu wanaowatumia jamaa zao wa Kinshasa finkubala (viwavi vya kuliwa) au uyoga mkavu wanapaswa kuwa wakali zaidi yangu. Vyakula hivyo vifungwe kwa karatasi safi ndani ya katoni safi inayopitisha hewa, na katoni ya seramu hapo tena haina mpinzani.

Vijazio vya bure ni vingi kiasi kwamba kununua ni uvivu. Washona nguo hutupa vipande vya vitenge kila siku, na vipande hivyo, vikifungiwa ndani ya mfuko mdogo, ni mto mzuri kuliko plastiki yoyote. Navitumia kufungia malakiti, na wateja wengine huvitunza. Trei za mayai, zile za karatasi iliyofinyangwa zenye mashimo 30, hupatikana kwa wauzaji wa mayai ya kuchemsha, na zikikatwa vipande viwili na kuwekwa moja chini, moja juu, humeza mshtuko wa mzigo unaoangushwa. Zikaguliwe kwanza: yai lililopasukia ndani ya trei huoza polepole, na harufu hujitokeza mzigo ukiwa safarini. Karatasi zilizochanwa za maofisini hujaza pembe, ila zichanwe kweli, kwa sababu si vema mteja wa Kolwezi asome mishahara ya watu alipokuwa akitafuta shanga zake.

Kiasi cha vijazio kina kipimo. Kitu kinachovunjika kinahitaji karibu sentimita tano za kijazio kila upande, chini na juu pia, na baada ya kufunga, mzigo ukitikiswa usisikike ukisogea. Jiwe lisiguse jiwe, na jiwe lisiguse ukuta. Kwa sanamu kubwa natumia katoni mbili, ya rimu tano ndani ya ya seramu iliyo kubwa zaidi, na kati yake vipande vya frigoliti. Ni hapo peke yake ambapo katoni kubwa ya bure hulipa.

Majira yasisahaulike. Kuanzia Novemba hadi Machi mvua za hapa hazimwoni mtu huruma, na katoni iliyonyonya unyevu hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake hata kama haijachuruzika maji. Kwa hiyo katoni zangu nyingi nazikusanya kiangazi, kati ya Mei na Septemba, nazikunja bapa, na kuziweka juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta ambako mchwa wanaanzia. Wakati wa mvua bidhaa yenyewe naifunga kwa plastiki kabla ya kuiingiza katika katoni, badala ya kuifunika katoni kwa nje, kwa maana basi likipakiwa juu, plastiki ya nje ndiyo ya kwanza kuchanika. Dekreti ya Desemba 2017 inakataza mifuko ya plastiki nchini, ingawa kila anayetembea mjini anajiona mwenyewe hali ilivyo. Kwa vyovyote plastiki kubwa inayotoka katika magodoro mapya na vifaa vya umeme ni nzito kuliko sashe ya sokoni, na hutumika tena na tena.

Katoni ya kurudia ina historia iliyoandikwa juu yake, na historia hiyo iondolewe. Lebo za zamani, majina ya wapokeaji wa kwanza na hasa ile mistari myeusi inayosomwa na mashine, vyote vibanduliwe au vifunikwe kwa karatasi, kwa kuwa mashine husoma mstari wowote inaoukuta. Jina na simu ya mpokeaji ziandikwe kwa wino usiofutika pande mbili tofauti, na karatasi nyingine yenye maelezo hayo hayo iwekwe ndani. Karani wa ajansi akiwa na mizigo mingi iliyochanika lebo, ule wenye karatasi ndani ndio unaompata mwenyewe.

Kitu ambacho sijapata bure kwa ubora unaokubalika ni skochi. Mabaki ya skochi yanayotolewa na maduka huwa yameshapata vumbi kingoni, na ile ya uwazi ya maofisini haina kazi kwenye katoni ya kilo kumi. Nainunua katika soko la Mzee, ya rangi ya kahawia na upana wa sentimita tano, na kabla ya kulipa navuta kipande kifupi, nakibandika kwenye katoni ya muuzaji na kukibandua. Kikitoka na nyuzi za karatasi, nachukua roli mbili. Kikitoka safi, namrudishia. Chini ya katoni napitisha mkanda mmoja kwenye mpasuko wa katikati na mmoja kila ukingo, kisha narudia vivyo hivyo juu. Kamba sinunui. Mafundi wa matairi hukata mipira ya ndani iliyochakaa kuwa kamba ndefu, na kwa anayewasalimu hutoa kipande bure, nacho hushika mzigo kwenye taksi-moto hadi ajansi bila kulegea.